Nikiongea wanavunjika mbavu, nikiandika hakuna kitu. Naweza kuishi kwa komedi ya papo kwa papo?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Nipo Tabora, Isevya, nina miaka 23. Mimi na washkaji watatu tunafanya vichekesho bila skripti, watu wanatupa neno lolote tunaigiza hapohapo. Mtaani wanacheka mpaka wanakaa chini, ila nikishika kalamu niandike naona upupu mtupu. Nataka hii iwe kazi yangu kabisa, kuigiza na kuandika komedi. Inalipa? Niende Dar? Halafu kuna mradi wa afya wanataka tuwafanyie igizo la malaria, laki na nusu watu wanne, tukubali?"

JIBU: Marahaba mdogo wangu, habari za Tabora. Mimi nipo huku Kigoma, Mwanga, kazi yangu kuandika michezo ya redio na kufundisha waigizaji. Maswali ya namna hii nayapata sana ila wengi wanaishia kwenye "nitatokaje", wewe umegusa penyewe, hapo kwenye kalamu, na jibu langu lote litakuwa linazunguka hapohapo. Kuigiza papo kwa papo peke yake kunakulisha siku ile ile ya shoo na kesho una njaa tena. Kinachomlisha mtu miaka ni kile anachokitoa mle ndani akakiweka kwenye karatasi, kikawa mali yake, kikauzwa mara ya pili na ya tatu.

Ila kwanza usidhani mnachofanya ni kitu kigeni. Mtani msibani umemuona? Mzaramo kafiwa, Mnyamwezi katokea, hana skripti hana mazoezi, anaingia anaanza kutembea kama marehemu alivyokuwa anatembea, anakohoa kama yeye, anadai deni la uongo, analala njiani jeneza halipiti mpaka atolewe chochote, na waliokuwa wanalia wanacheka huku machozi bado yapo. Huyo ni muigizaji wa daraja la juu kabisa maana hadhira yake ndo ngumu kuliko zote. Na huu utani wenu na watu wa pwani una mizizi kwenye misafara, wapagazi wanatoka Unyanyembe, ndo hapo Tabora kwenu, na mizigo kichwani mpaka Bagamoyo, kwahiyo mtu akikwambia Tabora hakuna asili ya komedi huyo hajakaa na wazee.

Halafu miaka ya 80 na 90 vikundi vya Dar kama Muungano, na baadaye TOT (Tanzania One Theatre), shoo moja ya usiku ina ngoma, sarakasi, taarab, kichekesho na igizo. Yale maigizo mengi hayakuandikwa popote. Kiongozi anatoa hadithi, anagawa nani ni nani, maneno unajaza mwenyewe jukwaani, watu wakicheka sana sehemu fulani basi kesho inarefushwa, wakinuna inakatwa. Bongo muvi ikarithi tabia hiyohiyo, filamu nyingi za miaka ya 2000 direkta anakwambia tu "hapa umemfumania mkeo, unaumia ila hutaki majirani wasikie, haya akisheni", dayalogi ni ya kwako. Sasa jiulize, yale maneno yaliyotungwa pale mbele ya kamera ni uandishi au siyo uandishi? Ni uandishi kabisa! Ila aliyeyatunga akalipwa kama muigizaji na jina la muandishi likaenda kwa mwingine. Hilo lishike, nitalirudia kwenye hela.

Wenzetu Marekani walifanya kitu kimoja tu tofauti, walikaa wakatengeneza utaratibu. Kulikuwa na mama anaitwa Viola Spolin, Chicago, alikuwa anafundisha maigizo watoto wa mtaani wengi wao wa familia za wahamiaji, hata lugha haziendani, akawa anawafundisha kwa michezo badala ya maelezo. Michezo ile akaiweka kwenye kitabu mwaka 1963. Nikimsoma huwa nafikiria huku kwetu Kigoma, darasa langu moja lina Muha, Mmanyema, Mbembe na mtu katoka ng'ambo ya ziwa juzi, ukianza na nadharia nusu wanalala, ukianza na mchezo wote wanacheza. Mwanae yule mama, Paul Sills, ndo mmoja wa walioanzisha kundi la komedi la The Second City hapohapo Chicago, Desemba 1959.

Hawa Second City ndo nataka uwaangalie kwa makini kuliko wote. Watu wengi wanajua ni wa papo kwa papo, kumbe shoo yao kubwa ya usiku ina vichekesho vilivyoshaandikwa na kufanyiwa mazoezi. Shoo ikiisha ndo waigizaji wanarudi jukwaani, wanachukua maneno kwa watu, wanaigiza chochote. Wanavuna pale. Sini, yaani kipande kimoja cha igizo, iliyochekesha inarudiwa usiku mwingine ikiwa imenyooshwa kidogo, inarudiwa tena, isiyofaa inatupwa, mpaka direkta anakusanya zilizopona anatengeneza shoo mpya. Yaani papo kwa papo kwao ndo chumba cha kuandikia, tofauti ni kwamba wanaandika wakiwa wamesimama.

Ndo maana waliotoka humo wengi wakaishia waandishi. Mike Nichols na Elaine May walianza kwenye kundi lililotangulia Second City, wakazichukua zile sini zao za papo kwa papo wakazinyoosha mpaka mwaka 1960 wakawa nazo Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, na bado kwenye shoo walikuwa wanaacha kipande kimoja cha kuomba neno kwa watu. Baadaye Nichols akawa mwongozaji mkubwa wa filamu na Elaine May akaandika filamu. Tina Fey alifika Chicago hana jina, asubuhi anakaa mapokezi ya YMCA, jioni anasoma darasa la kuigiza, akaingia Second City, mwaka 1997 akachukuliwa kwenye kipindi cha komedi cha televisheni, na alichukuliwa kama muandishi, miaka miwili mbele akawa ndo mkuu wa waandishi, mwanamke wa kwanza pale. Sikwambii haya ili uote Chicago. Angalia tu njia ilivyopita, jukwaa likawafungulia mlango wa kuandika, na kuandika ndo kukawaweka mjini.

Sasa tuje kwenye "nikiandika naona upupu". Tatizo najua liko wapi, unakaa na karatasi tupu unajaribu kuwa mchekeshaji peke yako chumbani, wakati kichwa chako kimezoea kuchekesha kikiwa na mtu mbele. Acha hiyo. Andika kilichokwisha kuchekesha.

Nikuoneshe kwa mfano wa wanafunzi wangu wawili hapa. Neno walilopewa lilikuwa "posa". Mmoja kakaa kwenye kiti, ni baba mkwe, mwingine kapiga hodi.

"Shikamoo baba."
"Marahaba. Ila wewe si ndo ulikuja jana?"

Hapo ndo penye kazi. Muigizaji mbichi angejibu "hapana baba, mimi leo ndo mara ya kwanza", na sini ingekufa palepale, maana mwenzako kakupa zawadi umeirudisha. Kanuni ya kwanza ya hii kazi ni ukipewa unapokea halafu unaongeza. Yule kijana akajibu:

"Ndiyo baba, jana nilikuja kama mshenga wangu mwenyewe, nilitaka nisikie mnanisemaje."

Ukumbi ukalipuka. Baada ya hapo wakaenda kama dakika saba, baba akauliza mjomba wako yuko wapi, jamaa akatoka nje akageuza koti akarudi "hodi, mimi ndo mjomba", wakaingia kwenye mahari, wakapotea wakaanza mambo ya simba na yanga, wakarudi, wakamaliza vibaya tu, wameishiwa. Kawaida kabisa, papo kwa papo mara nyingi inaisha hivyo.

Simu ilikuwa inarekodi. Kesho yake (usisikilize usiku uleule, unakuwa bado umelewa makofi) wakakaa na daftari, wakaandika sehemu tu watu walipocheka pamoja na sentensi iliyotangulia kicheko. Habari za mpira zikaenda na maji. Wakabaki na kitu kimoja: jamaa amekuja kuposa peke yake na anacheza ukoo mzima. Swali langu kwao likawa moja, kwanini? Mmoja akasema hana nauli ya kuleta watu kutoka kijijini, na hapo kichekesho kikapata mfupa, sasa siyo kichaa, ni mtu maskini mwenye heshima zake anayetaka taratibu zote zifuatwe. Baada ya hapo unapanda ngazi: mshenga, mjomba, halafu shangazi mwenye kitenge anayelia kwa furaha. Baba mkwe anahesabu soda, "mmekunywa nne, mmekuja mmoja". Mwisho ukawasumbua sana, wakaurudia jukwaani wiki iliyofuata bila kupanga, na ukatokea wenyewe. Jamaa anasema haya baba tunaomba tumuone mama mkwe. Baba kimya. Anamwangalia. Anasema "subirini nimuite", anatoka, anarudi kajifunga kanga.

Ile sasa ni skripti, kurasa nne. Kwa kukadiria ukurasa mmoja ni kama dakika moja, kwahiyo una kipande cha redio, una klipu ya mtandaoni, una kitu cha kuigiza kwenye harusi ya mtu, na mtu yeyote anaweza kukiigiza hata nyie msipokuwepo. Na nani kaandika? Wote wawili, na mama mmoja aliyekaa mbele aliyecheka sana pale kwenye soda.

Kitu kingine cha kufanyia mazoezi ambacho sisi tuna bahati nacho mno ni hadhi. Kulikuwa na mwalimu Muingereza, Keith Johnstone, alikuwa ukumbi wa maigizo wa Royal Court London kabla hajahamia Kanada, alifundisha kwamba kila watu wawili wakiongea kuna mmoja yuko juu na mwingine chini, na wanabadilishana kila sentensi, na kicheko kingi kinatoka pale hadhi inapoteleza. Wazungu inabidi waitafute kwa tochi. Sisi tuna shikamoo! Weka meneja wa miaka 26 na mlinzi wa miaka 60 getini, nani anamsalimia nani, meneja anataka heshima ya cheo, mlinzi anasubiri shikamoo yake na funguo za geti ziko kwake. Hutaji neno la kuchekesha hata moja na watu watakufa. Fanyeni hiyo, kila mtu acheze pande zote mbili, halafu mbadilishe, dada wa kazi na tajiri wake, konda na mwalimu wake wa darasa la tatu, mtu na mkwe wake aliyemkuta baa. Nyie mliokulia mikoani mna sikio la haya mambo kuliko mtu wa Masaki kule Dar.

Hilo linanileta kwenye Dar. Usiende. Yaani usiende sasa hivi, ukiwa na klipu tatu na ndoto. Dar kuna watu wengi wanaosubiri kuitwa, na mtu anayesubiri kuitwa hapandi jukwaani, na asiyepanda jukwaani haandiki. Tabora mna vyuo pale, AMUCTA, Chuo cha Reli, Chuo cha Ualimu, hao ni wanafunzi wamechoka jioni hawana pa kwenda na hela yao ni ya soda moja, ndo hadhira yenu. Tafuteni sehemu moja, mgahawa, darasa la jioni, hata uani kwa mtu chini ya mwembe, siku ileile kila wiki, muda uleule, na msiahirishe hata wakija watu sita. Tena mkiwa na watu sita ndo mtajifunza maana hakuna wa kukufichia, sini mbovu unaisikia kwa masikio yako. Fanyeni kama Second City, nusu ya kwanza vichekesho vilivyoandikwa, nusu ya pili neno kutoka kwa watu, na simu inarekodi muda wote. Mkikaa mwaka mtakuwa na vipande vya kutosha shoo nzima, na hapo ukienda Dar unaenda na mzigo. Ukitaka shule rasmi basi TaSUBa Bagamoyo ipo, chuo cha sanaa tangu 1981, na pale Chuo Kikuu cha Dar wanasomesha sanaa za maonyesho, ni pazuri, ila shule haikupi hii tabia ya kupanda kila wiki.

Inalipa? Nikupe ukweli, mwanzoni hailipi, kwahiyo kazi yako ya sasa usiiache, kama ni boda endelea na boda. Hela inaanza kuja kwa vichochoro. U-MC wa harusi ndo unaolipa haraka, na mtu wa papo kwa papo ni MC mzuri maana keki ikidondoka yeye hapaniki, ila uangalie usije ukanogewa na posho za Jumamosi ukasahau kuandika, nimewaona wengi wamepotelea huko. Matangazo ya redio za mkoani, haya watu wanayadharau, sekunde thelathini mwanzo hadi mwisho, hakuna shule nzuri ya kukata maneno kama hiyo. Miradi ya mashirika. Halafu tamthilia za televisheni, na huko anayetafutwa kweli kweli ni mtu anayeweza kuleta skripti kila wiki bila visingizio, waigizaji wamejaa, waandishi wa kuaminika unawatafuta.

Na hapa ndo nirudi pale kwenye jina. Kila ukitunga dayalogi mbele ya kamera, au hadithi ya sini ikiwa yako, omba uandikwe kama muandishi mwenza na ulipwe kwa hilo, na uombe kabla hamjaanza, ukisubiri filamu imalizike utaambiwa "wewe si uliigiza tu". Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi iliyotungwa, wazo tupu hailindi. Ukimpigia mtu stori kwamba nina kichekesho cha jamaa anayejiposea, hiyo ni stori ya kijiweni, akiitumia utalia mwenyewe. Ukiwa na kurasa zako nne zina tarehe, majina ya watunzi, umezituma kwenye imeili yako, na zikishakuwa nyingi umezipeleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hapo una cha kuongelea. Nyie wanne muandikiane pia, karatasi moja tu, nani anamiliki nini mkitengana, maana makundi ya komedi yanavunjika, hata yale yaliyokuwa yanatikisa nchi nzima yalivunjika. Na mkianza kulipwa muende kwa afisa utamaduni wa manispaa awaelekeze usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, msingoje shoo isimamishwe mlangoni. Mikataba ya matangazo ndo msaini mkiwa mmekula na mmelala, King Majuto alichekesha taifa zima na bado mwaka 2018, akiwa mgonjwa, stori ya mikataba yake ikabidi ifike mpaka kwa waziri.

Sasa hiyo laki na nusu. Kubalini, ila kwa masharti. Kwanza waulizeni ni onyesho moja au mangapi, maana hawa wa miradi wanasema igizo kumbe wana kata tano. Laki na nusu iwe ya onyesho moja la dakika ishirini, nauli na chakula juu yao. Pili wakitaka kurekodi video au kurusha redioni hiyo ni bei nyingine, na iandikwe. Tatu watakuja na ujumbe kumi na mbili, dalili, dawa, mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano, madimbwi, vyote wanataka viwemo, waambieni wachague viwili, vingine wavigawe kwenye vipeperushi.

Na msianze na daktari anayetoa mhadhara jukwaani, tafadhali. Huku kwetu watu walishavua dagaa kwa chandarua, huko kwenu nina hakika kuna mtu kafugia vifaranga, basi anzieni hapo. Afisa wa afya anapita nyumba kwa nyumba kukagua neti, mwenye nyumba kakumbuka dakika ya mwisho kwamba neti iko bandani, anamuomba afisa aongee taratibu maana "kuna mgonjwa amelala". Afisa mwenye huruma zake anataka kumuona mgonjwa. Igizeni bila kuandika mara tatu nne, mrekodi, mchague, ndo muandike, muwapelekee wasome kabla. Marekebisho yao ya kwanza mnayapokea bure, ya pili wanaongeza hela.